Mashine Iliyosafiri kwa Jina Langu

Tangu nirudi, kila mmoja wenu amenisimamisha mahali pake: mmoja mlangoni mwa kanisa, mwingine kwenye foleni ya maji, mwingine nikiwa na gunia la makaa kichwani. Kila mmoja nimempa kipande, na vipande hivyo mmekwenda kuvishona wenyewe. Jana nimesikia kwamba nilifungwa Kamina, kwamba niliuza mashine ya Mama Kapinga, na kwamba nimeposwa na karani wa stesheni. Mimi ni mwalimu wa darasa la sita, na kazi iliyojaa makosa huwa nairudisha kwa mwenyewe. Hii hapa nakala safi. Asomaye ampe mwenzake, na Mama Ilunga aimalize kwanza ndipo aanze kuisimulia.

Mwanzo wake mnaujua nusu. Mama Kapinga, mjane, alikuwa jirani yangu miaka kumi na mmoja, ukuta kwa ukuta. Mumewe alifia kazini mgodini, na kwa malipo yake ya mwisho mama yule alinunua mashine ya kusaga mahindi. Mtaa mzima ulikula kwa mashine ile. Mama Kapinga alizaliwa hapa hapa Kolwezi, lakini babu yake aliletwa kutoka Kasai, na ulipofika mwaka wa kuwafukuza watu wa Kasai hapa Katanga, hilo lilitosha. Mliwaona wenyewe, wamelala stesheni wiki baada ya wiki na masufuria yao, wakingoja treni ya kuwapeleka nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Niliona aibu wakati ule na naiona bado.

Mizigo yenye majina ya Kasai ilikuwa ikiporwa njiani. Kwa hiyo Mama Kapinga alipokwenda kumkabidhi msafirishaji mashine yake, niliongozana naye, na kwenye hati ya mzigo tukaandika jina langu mimi, mtu wa Katanga: anayetuma, Ngoy, Kolwezi, atakayepokea, Ngoy, Mwene-Ditu. Bima ilikuwa ndani ya nauli. Tulijiona wajanja.

Miezi saba baadaye padri mmoja aliniletea barua yake. Mashine haikufika. Watu wa bima wako tayari kulipa fidia, lakini kwao mwenye mzigo ni yule aliyeandikwa kwenye hati, hakuna mwingine. Lazima aje mwenyewe. Mama Kapinga aliandika mistari minne tu, na wa mwisho ulisema kwamba huko aliko hana kazi nyingine anayoijua zaidi ya kusaga.

Shule ilikuwa imefungwa na mishahara ilikuwa imegeuka hadithi, basi nini cha kunizuia? Tata Kabange, mkurugenzi wa shule yetu, aliniambia nisijiingize katika mambo ya watu. Mama Ilunga aliniambia jina langu nilikalishe nyumbani. Niliwasikiliza wote wawili kwa heshima, nikaishona hati ndani ya mkanda wa sketi, nikaondoka.

Kolwezi hadi Tenke

Treni ilikuwa iondoke Jumatatu. Iliondoka Alhamisi, nayo ilikuwa ya mizigo, sisi abiria tukiwa tumejipachika juu ya magunia. Kando yangu alikaa mzee kutoka Kasaji aliyekuwa ameifungua baiskeli yake yote, gurudumu huku, mnyororo kule, kila kipande kimefungwa kitambaa chake. Tulizungumza vizuri mpaka aliponiuliza naenda wapi.

"Mwene-Ditu," nikasema.

Akageukia vipande vya baiskeli yake. Nikaona mama mmoja akivuta kikapu chake mbali na mguu wangu, na kijana mmoja juu ya magunia akasema, bila kumtazama mtu, "Beende tu," yaani waende zao. Ilinichukua muda kuelewa. Walidhani mimi ni mtu wa Kasai, mmoja wa waliochelewa kufukuzwa.

Mnanijua. Kwa kawaida ningemsimamisha kijana yule na kumwuliza anafundishwa na nani. Lakini siku ile sikufanya hivyo. Nilikaa palepale nikasikia uso unawaka, na mara ya kwanza nikajua kidogo, kidogo tu, ukubwa wa kitu ambacho Mama Kapinga alikibeba akitembea katikati yetu. Mzee wa Kasaji alifungua kifurushi chake akanipa kiazi kitamu cha kuchemsha. "Kula, mama," akasema. "Mutafika." Sikumsahihisha. Kiazi kilikuwa kitamu na nilikila chote.

Tenke

Tenke ndipo njia ya reli yetu inapokutana na ile kubwa ya kwenda kaskazini, kwa hiyo huko ndiko kila mtu anakongoja. Mimi nilingoja siku nne. Nilikula ugali wetu wa bukari kwa samaki wa tomson siku ya kwanza, na mahindi ya kuchoma siku tatu zilizobaki.

Msafirishaji aliyepokea mashine yetu ni kampuni ya watu binafsi iliyokuwa ikikodi nafasi ndani ya mabehewa, na alikuwa na wakala Tenke. Nikamkuta amekaa nyuma ya kitabu kikubwa, amejaa usingizi. Alipitisha kidole kwenye mistari.

"Ilipita, mama."

"Ilipita kwenda wapi?"

"Kule juu. Kitabu inasema ilipita. Kama kitabu inasema ilipita, ilipita."

"Na mashine yenyewe inasema nini?"

Akafikiri sana. "Mashine haiandikake, mama."

Nilimwambia kwamba msafirishaji aliyepokea mzigo anauwajibikia tangu unapoingia mikononi mwake mpaka unapotoka, na "ilipita" si mikono ya mtu. Akakubali kwa kichwa, kwa adabu kabisa, akafunga kitabu. Sikukasirika sana. Nilikuwa na hakika kwamba kitu kizito kama kile, kinachohitaji wanaume sita, hakiwezi kupotea bila watu sita kukumbuka mgongo ukiwauma. Nilikuwa namtafuta mmoja wao tu.

Lubudi

Treni ya kaskazini ilipofika Lubudi ilisimama, na dereva akashuka na kikapu cha kwenda sokoni. Ukiona dereva wa treni anakwenda sokoni, wewe tafuta mahali pa kukaa.

Nilipata mahali kwa Mama Monga, mwanamke mnene wa kupendeza anayepikia wasafiri karibu na reli. Aliniwekea bukari na sombe ya majani ya muhogo. Nilimega tonge la kwanza, nikasita, nikamega la pili. Lilikuwa laini, jeupe, halina hata chembe ya mchanga. Nikamwambia kwamba tangu jirani yangu aondoke Kolwezi sijawahi kula unga uliosagwa vizuri namna ile.

"Ni ya mashine," akasema kwa fahari. "Shiye hapa hatutwangake tena."

"Mna mashine Lubudi?"

"Iko ku gare. Ni ya mama moja wa Kolwezi. Tata Kisimba anamuchungia."

Nikarudisha tonge kwenye sahani. Na wakati huo huo, nyuma ya ghala la stesheni, mtu akawasha injini. Ikakohoa mara mbili, ikanyamaza, ikakohoa tena, ndipo ikashika. Jamani, kikohozi kile kiliniamsha kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja. Nililala nacho kichwani hata baada ya mashine kuondoka. Nilinawa mkono mmoja tu, nikaenda mbio, mimi na umri wangu.

Ilikuwa yenyewe. Kwenye mdomo wa kumiminia mahindi kulikuwa na kile kiraka cha bati la bluu alichopiga marehemu fundi wa mtaani kwetu. Wanawake walikuwa wamepanga mabeseni yao kwa foleni safi, na anayewapokea alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye kofia, nywele zote na nyusi zimekuwa nyeupe kwa unga. Huyo ndiye Tata Kisimba, wakala wa msafirishaji pale Lubudi. Nilimwambia jina langu. Akazima injini, akavua kofia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Madame Ngoy. Nilikuandikia barua tatu."

"Barua hazifiki siku hizi, tata. Kwa nini mashine iko hapa?"

Akanieleza, na alieleza kwa unyenyekevu wa mtu anayengojea shukrani. "Wagon ilikuwa imejaa bitu ya bale batu banafukuzwa. Mi naangalia, naona mashine. Naona jina: Ngoy, Kolwezi. Nikasema, aa, bale batu banaenda na mashine ya mama wa kwetu. Banaiba. Nikaita batu, tukashusha."

"Uliishusha ili nisiibiwe."

"Ndiyo, mama."

Nilitafuta mahali pa kukaa. Tuliandika jina langu ili mashine isiporwe, na ni jina hilo hilo lililoitoa ndani ya behewa. Laiti tungeandika Kapinga, huenda ingepita Lubudi bila mtu kuitazama.

Tata Kisimba alidhani nimezidiwa na furaha, akanivuta ghalani kunionyesha jambo jingine. Mnajua kanuni ya mashine: kila beseni linalosagwa, kikombe kimoja ni cha mwenye mashine. Kwa miezi yote ile alikuwa ametoa kikombe, beseni kwa beseni. Yalikuwepo magunia matatu yameshonwa midomo, na juu ya kila moja ameandika kwa makaa: NGOY.

"Tata," nikamwambia, "mashine haiko yangu. Karatasi ilidanganya. Ni ya Mama Kapinga, mutu wa Kasai, jirani yangu. Jina yangu tulitia ili batu basiibe."

Aliniangalia, akaangalia magunia, akakaa juu ya moja. Unga ulimtoka kwenye nyusi.

"Basi mi njo mwizi," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kumpasua kwa maneno, na sikuweza. "Hauko mwizi. Ulikosea. Lakini kosa ni kosa, tata, na utaiandika."

Habari ilikuwa imeshawafikia wanawake wa foleni. Mama Monga alinijia, mikono kiunoni, na maswali yake yalikuwa ya haki. Bima si italipa? Basi mama yule apewe fidia yake huko Kasai, na mashine ibaki hapa inapohitajika. Niseme tu ilipotea. "Na karatasi iko na jina yako," akaongeza. "Hata ukipeleka ku Kolwezi, nani atakuuliza?"

Nawaambieni ukweli kwa sababu ni ninyi: nilitamani. Mtaa wetu unatwanga tangu siku ile. Niliiona mashine imekaa pale ukutani kwangu, naona na vikombe vyangu vya unga, mimi ambaye sijalipwa tangu sijui lini. Ilidumu muda wa kunywa bilauri moja ya munkoyo wa mahindi. Nilipoimaliza nikakumbuka mstari wa nne wa barua, nikaona aibu ile ile ya stesheni inarudi.

"Makuta ya bima, mpaka ifike kwa Kapinga, itakuwa ya kununua kibiriti," nikamwambia Mama Monga. "Na mashine haikupotea. Iko pale, tunaisikia wote."

Tulikaa mezani, mimi na Tata Kisimba, nikamwandikisha imla kama mwanafunzi: yeye, wakala wa msafirishaji, alishusha mashine bila kuagizwa na mwenye hati, imesaga miezi sita, mawe yamelika, mkanda umekatika na kushonwa, sasa inaendelea na safari kwa gharama ya msafirishaji. Alitaka kuandika kwamba alifanya hivyo kwa kusaidia. Nilimfutia. Akaniomba tena, macho yamelegea, nikamruhusu aliandike mwishoni, ndani ya mabano, baada ya sahihi.

Wanaume sita waliisukuma juu ya vipande vya bomba mpaka kwenye behewa. Magunia mawili niliwaachia wanawake wa Lubudi, moja nikapakia. Mama Monga hakunishukuru na sikumlaumu. Treni ilipokuwa ikiondoka nilimwona akiosha kinu.

Kaniama

Kutoka hapo nilisafiri nimekaa juu ya mashine, na sikuiacha hata Kamina, waliposhuka wote kunyoosha miguu. Hapo ndipo uvumi wa kufungwa kwangu ulipozaliwa, nadhani: askari mmoja aliniamuru nishuke nikakataa, akaniuliza mimi ni nani, nikamwambia mimi ni mwalimu, naye akasimama wima kabla ya kukumbuka kwamba ameshakuwa mtu mzima. Tuliagana vizuri.

Kaniama, ambapo Katanga inakaribia kwisha, nilinunua mawese kwa mama mmoja kando ya behewa.

"Unatokea wapi, mama?"

"Kolwezi."

"Weye ni mutu wa Kasai?"

"Hapana."

Aliacha kumimina. Akanitazama sana, si kwa ubaya. "Basi ukifika kule, usiseme jina. Bale batu balizika batoto mu njia."

Alimalizia kunijazia chupa, akazidisha kidogo. Mimi huwa siogopi, mnajua. Lakini kutoka Kaniama niliogopa. Nilikuwa nimeibeba hati ile siku kumi na saba kiunoni nikiona ni silaha yangu. Sasa nilianza kuhesabu watu watakaokuwepo jina hilo litakaposomwa. Na bila jina, mashine haitoki ghalani.

Mwene-Ditu

Mama Kapinga alikuwa stesheni. Alikuwa amekuja kwa kila treni tangu barua yake itoke. Amekonda, na kitenge chake kilikuwa kile cha Pasaka ya zamani. Alinishika mabega, akanigeuza kama anayenunua mbuzi.

"Unachelewa, Madame."

"Mashine yako ilikuwa kazini Lubudi. Ilikuletea mushahara." Nikamwonyesha gunia lenye jina langu. Alilipapasa, akaelewa, akacheka mpaka akakaa chini, na mimi nikakaa naye, na kicheko kilipoisha tulikuwa tunalia wote wawili katikati ya reli.

Mashine ilipelekwa ghalani mpaka kesho yake. Njiani kwenda kwake, jirani mmoja alimwuliza mgeni ni nani. Mama Kapinga hakusita. "Ni dada yangu. Eko anaitwa Kapinga pia." Kwa hiyo nililala Mwene-Ditu kwa jina lake, kama mashine ilivyosafiri kwa langu. Alinipikia nshima yao ya mahindi na muhogo. Nikamwambia ni nyeusi, inavutika kama mpira. Akaniambia bukari ya Katanga ni chakula cha wagonjwa. Tulikuwa tumerudi ukuta kwa ukuta. Majirani walikuja kunisalimia kwa Kiluba cha Kasai, nikawa naitikia kwa kichwa na tabasamu. Kumbe nilikuwa nimekubali kuimbisha zaburi Jumapili, na niliimbisha, kwa Kilatini, maana kwa Kiluba chao nisingeweza.

Ghalani tulikuta watu wengi, wengi mno, wamesimama na karatasi mikononi. Mjumbe wa bima alikuwa Tata Tshibangu, mtu mwembamba, tai shingoni na viatu bila soksi. Alisoma imla ya Tata Kisimba mara mbili, akatabasamu alipofika kwenye mabano. Kisha akasimama, kwa sababu ndivyo walivyofanya pale, akaita kwa sauti ya kusikika hadi nje.

"Hati ya Ngoy, Kolwezi. Ngoy eko wapi?"

Mama Kapinga akanikamata kifundo cha mkono. Miaka ishirini na mitatu nimewafundisha watoto kwamba anayeitwa jina lake husimama, nami siku ile nilitazama mlango kwanza ndipo nikasimama.

"Niko," nikasema.

Mwanamke mmoja karibu na mlango alinitazama, akatema chini, akatoka. Aliacha kaburi dogo njiani, niliambiwa baadaye. Sikumfuata.

Wengine hawakutoka. Mzee mmoja alijisogeza taratibu kwa fimbo mpaka mbele yangu.

"Weye njo Ngoy? Mwenyewe?"

"Mi njo Ngoy."

"Ulikuya kutoka Kolwezi juu ya mashine ya Kapinga?"

"Ndiyo, tata."

Akanyoosha karatasi yake. "Basi soma ya mi."

Ilikuwa hati ya mzigo ya msafirishaji yule yule. Sanduku la zana za useremala. Anayetuma: Kabange, Kolwezi. Nilidhani nimesoma vibaya, nikaisogeza kwenye mwanga. Ilikuwa sahihi ya mkurugenzi wangu, ile yenye mkia mrefu chini, ninayoiona kila mwisho wa muhula. Mama mmoja akanipa ya kwake. Kisha mwingine. Baiskeli, jina la kwetu. Cherehani, jina la kwetu. Kengele na vitabu vya kanisa dogo, jina la kwetu. Watu waliokuwa wakisimama ghalani mle kila juma walikuwa na karatasi halali za mizigo yao, na hakuna hata mmoja aliyeweza kudai, kwa sababu kwenye karatasi wao hawakuwepo.

Nilimaliza ya kwangu kwanza. Tata Tshibangu alisema mzigo umepatikana, kwa hiyo hakuna fidia ya kupotea, lakini msafirishaji aliutumia na kuuchakaza ukiwa mikononi mwake, na hilo bima inalibeba. Akaanza kuandika kiasi cha noti. Nikamzuia kalamu. Nikamwambia anipe mawe mapya na mkanda mpya, noti abaki nazo. Alifikiri, akatazama foleni, akasema kwa sauti ya chini kwamba na yeye angetaka mawe. Mawe yaliletwa siku ya tatu. Siku ya nne injini ikakohoa mara mbili uani kwa Mama Kapinga, na wanawake wakaja na mabeseni.

Kabla ya hapo nilimwuliza Tata Tshibangu kuhusu wale wengine. Akasema si lazima kila mwenye jina asafiri kama mimi. Inatosha asaini hati ya kumpa mwenye mali uwakilishi, mbele ya mashahidi wawili. Kwa sahihi hiyo msafirishaji atalazimika kuonyesha mzigo ulipo, au bima kuulipa. Hakuna aliyewahi kuziomba sahihi hizo, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kurudi Kolwezi. Nikamwambia mimi narudi.

Kurudi

Kurudi kulichukua siku kumi na mbili. Sina la kusimulia ila kwamba Lubudi treni haikusimama, safari hii moja tu ambayo ningependa isimame. Nilimwona Tata Kisimba akipeperusha kofia, nikampungia.

Sasa mnajua kwa nini tangu nirudi nimekuwa nikiwatazama vile. Ninazo fomu kumi na saba, na majina kumi na saba niliyoyanakili kwa mkono wangu, nayo tisa ni ya watu watakaosoma nakala hii. Jumapili baada ya misa nitakuwa nimeketi darasani kwangu, na mashahidi wawili wapo. Tata Kabange, uliyeniambia nisijiingize: wewe ni wa kwanza, na seremala wako anakusalimu. Mama Ilunga, wewe ni wa nne, kwenye hati ya cherehani ya Mama Mbuyi. Nilipoliona jina lako nilikaa juu ya gunia la unga, kwa sababu miezi yote ile tulipishana barabarani tumeinamisha vichwa, na kila mmoja wetu alidhani ni yeye peke yake aliyeandika jina lake kwenye mzigo wa jirani. Njoo na kalamu yako, yangu imekwisha wino.